Milioni nne za wodi ya watoto: mchoraji wa katuni aje mwisho

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo: "Habari kaka, mi ni nesi wodi ya watoto, tuko wilaya ya Kasulu, vitanda kumi na sita. Kuna watu wametuchangia milioni nne wanataka wodi iwe rafiki kwa mtoto. Mchoraji kaomba milioni moja na laki sita achore katuni kuta zote. Mganga mfawidhi kaniachia mimi niamue. Watoto wetu wanaanza kulia wakiona tu mlango, wengine wanagoma kula kabisa. Hizo katuni zitasaidia au pesa tuipeleke wapi?"

Sista, pole na kazi. Nianze na jibu fupi maana najua uko zamu: katuni zitasaidia kidogo sana, mchoraji aje mwisho kabisa kama pesa itabaki, hela ya kwanza iende kwa mama. Najua wadau wanapenda kitu cha kupigia picha na benchi la kulalia mama halina mvuto kwenye picha, ila ngoja nikueleze kwa nini nasema hivyo.

Mi ni msanifu majengo, naishi hapa Mwanga Kigoma mjini, lakini nimezaliwa Tabora, na nikiwa na miaka saba nilianguka kwenye mwembe nikavunjika paja (mtoto wa Tabora ambaye hajawahi kuanguka kwenye mwembe ujue kahamia juzi). Nililazwa wiki kadhaa, mguu umefungwa kamba na uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, yaani hata kugeuka huwezi. Saa kumi na mbili jioni kengele inagongwa, ndugu wote nje, mama naye nje. Sura za manesi nimesahau, maumivu yenyewe nimesahau, ila dari naikumbuka mpaka leo. Bati lilikuwa linavuja na maji yaliacha doa la kahawia kwenye silingibodi, doa lenyewe lina umbo la mbuzi wa miguu mitatu. Mchana alikuwa mbuzi wangu, nilimpa mpaka jina. Usiku ile tubelaiti ikianza kuchezacheza, mbuzi anatembea. Nilikuwa nalia mpaka naambiwa ninyamaze nitaamsha wenzangu, hakuna aliyeniuliza naogopa nini, na hata wangeuliza ningesemaje sasa, mbuzi wa darini?

Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi yeyote fanya kitu kimoja cha bure. Siku wodi imepungua wagonjwa, lala kitandani. Lala kabisa chali, kichwa kwenye mto, dakika kumi, kitanda cha mlangoni, cha katikati na cha kona, halafu andika unachoona na unachosikia. Uende tena saa nne usiku ufanye vilevile. Sisi wakubwa tunaikagua wodi tumesimama, tunaangalia kuta, ndo maana tunapaka kuta. Mtoto aliyelazwa anaishi na dari, taa, neti na mgonjwa wa kitanda cha mbele. Kule Finland kuna sanatoriamu ya Paimio, yaani hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, ilimalizika mwaka 1933, aliyeichora ni Alvar Aalto, na kwenye vyumba vya wagonjwa alipaka dari rangi tulivu ya giza kiasi, taa akaziweka mahali ambapo hazimpigi machoni mtu aliyelala, hadi masinki akayachora maji yadondoke bila kelele ili wa kitanda cha pili asiamke. Hiyo ni miaka tisini na kitu iliyopita na hapo hata kompyuta hakuna.

Sasa turudi kwa mama.

Uingereza miaka ya 1950 hospitali nyingi zilikuwa zinamruhusu mzazi kumwona mtoto kwa masaa machache tu, kwingine hata sio kila siku, walikuwa wanasema mzazi akija mtoto analia akiondoka mtoto analia, bora asije. Kuna jamaa wawili wa mambo ya saikolojia ya watoto, James Robertson na John Bowlby, waliokaa wakawatazama wale watoto kwa makini na wakaona kitu ambacho wewe utakuwa umekiona mara mia. Mtoto mdogo akitenganishwa na mama kwanza anapiga kelele na kukataa kila mtu, baadaye ananyamaza, analala tu anaangalia ukuta, hachezi, hali, na akikaa zaidi ya hapo anaanza kuonekana mzuri, anacheka na kila nesi, mama akija anamwangalia kama mgeni. Manesi wa wakati ule walikuwa wanafurahi mtoto akifika hatua ya pili, wanaandika "ametulia". Hajatulia yule, amekata tamaa. Mwaka 1959 kamati ya Harry Platt ikatoa ripoti ikashauri wazazi waruhusiwe kuja muda wowote na mama wa mtoto mdogo alazwe naye.

Angalia sasa kichekesho chake. Wenzetu walihitaji mapambano na ripoti ya serikali kupata kitu ambacho Kasulu mnacho bure, siku hizi kwetu mama yupo, haondoki, ndo anamlisha, anamgeuza, anakuita drip ikiisha. Lakini tunamchukulia kama kero. Analala sakafuni chini ya kitanda juu ya kitenge, au anajibana na mtoto kwenye kitanda cha futi mbili na nusu mpaka kanula, kale kamrija ka drip kwenye mshipa, inachomoka, beseni lake linapigwa teke na kila anayepita, usiku wa tatu hajalala vizuri na asubuhi mtoto akilia anamfinya. Halafu tunashangaa mtoto ana hofu. Mtoto wa miaka miwili hana thamomita nyingine ya kupimia kama mahali ni salama, anaangalia uso wa mama, basi. Ukimpumzisha mama umeshafanya nusu ya kazi bila kumgusa mtoto.

Kwa hiyo fedha nyingi, mi ningesema nusu, iende kwenye mabenchi ya kulalia. Urefu sentimita 180, upana 60 au 65, kimo kilingane na kitanda au kishuke kidogo, liwe upande wa kichwa cha mtoto ili mama akinyoosha mkono usiku anamfikia kwa chini ya neti bila kuamka. Chini ya benchi acha wazi kwa ajili ya beseni, thamosi na kapu, maana vitu vya mama vikipata mahali wodi yote inapumua. Na hapa nitakuokoa na kosa ambalo mafundi wetu wote watakushauri ulifanye: usikubali benchi la mbao tupu. Najua mninga upo na ni mzuri, mi mtu wa Tabora siwezi kuusema vibaya, lakini kwenye maungio ya mbao kunguni wanajenga kijiji, na wakishaingia wodini hutawatoa. Fremu iwe ya skwea paipu imechomelewa na kuzibwa vizuri, mbao ziwe za juu tu, za kufungwa na boliti, zinang'oka zinasuguliwa zinaanikwa juani. Kigodoro kiwe na kava la reksini linalofutika, mshono uwe chini. Kama nafasi haitoshi vitanda vyote kumi na sita weka nane kwanza, anza na vya watoto chini ya miaka mitano, ila kati ya kitanda na kitanda ibaki mita moja, usije ukapunguza hiyo kwa ajili ya benchi halafu kifaduro kikatembea.

Kitu cha pili ni sindano. Umesema wanalia wakiona mlango. Nakuuliza, mnachomea wapi? Kama ni palepale kitandani, na toroli linapita kitanda hadi kitanda lina kelele za magurudumu na trei iko wazi, basi kila mtoto analiona zamu yake inakuja, anawasikia wenzake watano kabla yake, na baada ya hapo kitanda chenyewe kimekuwa mahali pa kuumizwa kwa hiyo hata usingizi hauji. Kitanda kinatakiwa kiwe mahali ambapo hakuna baya linatokea. Tafuteni kachumba, nina uhakika kuna stoo imejaa vitanda vibovu na maboksi, kisafisheni kiwe chumba cha kuchomea na kuwekea kanula, mlango ufungwe, kiwe mbali na vitanda kadri inavyowezekana. Dharura ni dharura, hiyo sibishani, mtoto wa degedege hutamhamisha. Lakini sindano za saa mbili na za saa nane zinaweza kusubiri hatua ishirini za kutembea. Ndani weka kiti imara kisicho na mikono ya pembeni, mama akae ampakate mtoto wameelekeana kifua kwa kifua, mkono mmoja unatokea pembeni kwako, badala ya watu watatu kumkandamiza chali kitandani kama mbuzi wa Idi. Trei ifunikwe kitambaa mpaka dakika ya mwisho.

Na ukutani, nyuma ya bega la mama, kwenye kimo cha macho ya mtoto aliyepakatwa, hapo ndo mchoraji wako anahitajika. Mwambie achore ziwa lenye samaki wetu wa migebuka wengi, wengine wamejificha nyuma ya mtumbwi, wengine nusu, ili mama aanze "hebu tuhesabu wako wangapi" wakati wewe unatafuta mshipa. Mtoto anayehesabu anaumia kidogo kuliko anayeitazama sindano, hili limepimwa sana na wala sio imani. Mita moja na nusu ya ukuta, haifiki milioni na laki sita.

Maana kuhusu kuchora nimeshajichoma mwenyewe. Kuna kazi niliifanya pembeni ya ziwa, sitaitaja, nikaona niwe mbunifu, nikachorisha ziwa ukuta mzima, samaki, kasa, na mamba mkubwa anacheka meno nje, mzuri kweli, wageni wakapiga naye picha. Wiki ya pili nesi akanipigia, kaka kuna mtoto wa mwaloni huku kagoma kulala kitanda cha chini ya mamba, analia mpaka anatapika. Kumbe kijijini kwao mamba ni mamba, sio katuni, kuna watu wameliwa wakichota maji. Tukampaka rangi ya bluu juu yake siku hiyo hiyo. Na sio huku tu, mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Sheffield kule Uingereza kiliuliza watoto zaidi ya 250 wa miaka minne hadi kumi na sita kuhusu mapambo ya hospitali, wote hawakupenda klauni, wengine hata wakubwa walisema wanawaogopa. Watu wazima ndo walidhani klauni wanachekesha. Na huyo Mickey Mouse anayetaka kumchora, mtoto wa Buhigwe ambaye kwao hakuna TV hamjui, anaona panya mkubwa amevaa glavu. Halafu fikiria binti wa miaka kumi na mbili, amelazwa kwenye hiyo wodi ya "watoto", anaona aibu. Yeye katuni hazimsaidii, anataka pazia. Pazia la kuvuta kuzunguka vitanda viwili vitatu vya wakubwa, kitambaa cha kufulika, waya na riingi, hiyo ni hela ndogo sana na heshima kubwa.

Sauti. Hii naijua ni ngumu kwako maana wodi zetu ni saruji, tailizi na bati, kila kilio kinarudi mara tatu. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilishauri wodi usiku isizidi desibeli 30, mazungumzo ya kawaida tu yako kwenye 60 hivi, kwa hiyo 30 hutaifikia Kasulu mvua ikipiga bati na sikudai hiyo. Lakini pakua programu ya kupimia kelele kwenye simu, bure, ukae nayo usiku mmoja uone kinachoipandisha. Mara nyingi sio watoto, ni mlango wa chuma, toroli, redio ya mlinzi na sisi wenyewe tunaoitana kutoka kona hadi kona. Mlango wa chuma kata vipande vya tyubu ya baiskeli gundisha kwenye fremu, unafunga kimyakimya. Magurudumu ya toroli yapate grisi. Nasisitiza mlango kwa sababu ya mahali mlipo, mnapokea na watoto wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kuna ambao wao au wazazi wao mlio wa ghafla unawakumbusha mambo mengine kabisa, na huyo huwezi kumtuliza kwa pipi. Kama dari halipo hapo juu, silingibodi ndo matengenezo makubwa ninayoyaunga mkono kabla ya rangi yoyote, lakini milioni nne haitatosha vyote, hiyo iombeni halmashauri.

Taa ni rahisi. Swichi moja inayowasha wodi nzima ndo adui, nesi anataka kuangalia drip ya mmoja, kumi na sita wanaamshwa. Fundi umeme agawe saketi mbili, na usiku ibaki taa ndogo ya sola ya njano chini karibu na goti, kwenye njia ya kwenda chooni, mwanga usimfikie aliyelala usoni. Watoto wanajikojolea kitandani tunawaandika sijui wana nini kumbe njia ya choo ina giza na wanaogopa. Poti mbili tatu pia zinunuliwe.

Madirisha sasa. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya dirisha, nakisia utapata mita moja na ishirini, ndo mtindo wetu, wezi na gharama. Macho ya mtoto aliyelala yako kama sentimita 75 au 80, kwa hiyo haoni kitu zaidi ya kipande cha mbingu, wakati nje nina hakika kuna mwembe au michikichi. Mtafiti Roger Ulrich mwaka 1984 alilinganisha wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa nyongo, nusu dirisha lao linaangalia miti, nusu linaangalia ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Walikuwa watu wazima, sio watoto, kwa hiyo usiende kuwaambia wadau kwamba mwembe unatibu malaria, ila inatosha kwangu kujua mti sio pambo. Hapo jirani Rwanda, hospitali ya Butaro iliyofunguliwa 2011, vitanda vimepangwa vichwa kwenye kaukuta kafupi katikati ya wodi, miguu kwenye madirisha, mgonjwa akifungua macho anaona milima badala ya mgonjwa mwenzake. Nyie kama oksijeni mnatumia mashine za kusogeza na sio bomba za ukutani, kugeuza vitanda ni kazi ya asubuhi moja na bei yake ni soda za wasaidizi. Mkiweza, dirisha moja au mawili upande wa mti yateremshwe hadi sentimita 60, ukikata ukuta wa chini huigusi linta, ile boriti ya juu ya dirisha, lakini jengo ni la umma kwa hiyo mhandisi wa halmashauri aone kwanza na aandike. Nondo za dirisha zisimame wima, nafasi isizidi sentimita kumi, za kulala zinakuwa ngazi.

Kabla hujageuza vitanda lakini, simama dirishani uone njia ya mochwari inapita wapi. Sikutanii. Nimekuta wodi za watoto zaidi ya moja ambazo dirisha zuri kuliko yote linatazama palepale toroli linapopita na ndugu wanalia nyuma. Watoto wanajua kila kitu, wanahesabu nani hakurudi. Kama njia haihamishiki panda ua, michongoma au chochote kinachofika mita mbili. Na mtoto akifariki wodini kwenu, mama yake analilia wapi? Kama jibu ni palepale kati ya vitanda, tafuta hata kona ya veranda, benchi, pazia, maji ya kunywa, mtu mmoja akae naye. Ni kwa ajili yake, na ni kwa ajili ya wale kumi na watano wanaobaki wanamwangalia.

Nimebakiza wanaogoma kula. Hapo wewe ndo mtaalamu kuliko mimi, lakini kwenye zile hatua kumi za kutibu utapiamlo mkali ambazo mmezisoma, watu wanakariri yale maziwa ya tiba, F-75 na F-100, wanasahau ya tisa inayosema mtoto apate uchangamshi na faraja, na mwongozo unataja mchezo wenye mpangilio dakika 15 hadi 30 kila siku. Maana yake mkeka na midoli ni matibabu, iandikwe kwenye chati kama dawa. Mahali pake ni veranda upande wa kivuli cha mchana, sio kona ya ndani. Midoli ya manyoya usipokee hata ukipewa bure, haioshwi vizuri, inabeba vijidudu toka mtoto hadi mtoto. Vifuniko, makopo yaliyokunjwa kingo, vigari vya plastiki, vinaingia kwenye ndoo ya klorini jioni vinatoka. Na akina mama wapate jiko la maana pale nje, mtoto wa huku aliyezoea ugali wa muhogo na dagaa za mawese uji mweupe wa hospitali haumwambii kitu, harufu ya chakula cha kwao ikipita verandani saa saba mchana nimewaona wanainua vichwa.

Rangi ya kuta: ya mafuta hadi mita moja na nusu ili ifutike, juu ya hapo emalshani nyeupe ya maziwa, na dari lisiwe jeupe la kung'aa. Madoa ya kuvuja yazibwe kwenye bati kwanza ndo yapakwe, ukipaka juu tu masika yakija yatarudi.

Nitumie vipimo vya wodi na picha mbili za kila upande, na kile kimo cha dirisha upime kwa ndani, mafundi wengi wanapima kwa nje ambako udongo umepanda wanakuandikia namba ya uongo.